Baridi yabisi si baridi ya kiyoyozi

Mhariri,

Mwandishi wenu wa ukurasa wa afya ameeleza kwamba baridi yabisi, ule ugonjwa wa viungo kuuma na kukakamaa, huletwa na baridi, akashauri watu wajihadhari na kiyoyozi na maji ya alfajiri. Jina limempoteza.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu: baridi, na yabisi yaani kavu. Lakini baridi hiyo si ya hali ya hewa. Ni lugha ya tiba ya kale, waliyoirithi kwa matabibu wa Kigiriki kina Galen na ambayo tabibu Ibn Sina, aliyefariki 1037, aliipanga vitabuni. Kila mwili, chakula na maradhi vilipewa tabia: joto au baridi, majimaji au ukavu. Kiungo kilichokakamaa kikahesabiwa kimeingiwa na baridi na ukavu. Ndiyo maana wazee wetu hapa Tanga humkataza mgonjwa vyakula "vya baridi" hata kama vimeepuliwa sasa hivi na vinafuka moshi.

Athraitisi, jina wanalotumia madaktari kwa ugonjwa huu, nalo halina makuu. Kwa Kigiriki "arthron" ni kiungo, na "itis" zamani ilimaanisha "wa" tu: ugonjwa wa viungo, basi. Maana ya uvimbe unaowaka ilibandikwa karne nyingi baadaye. Kwa hiyo muuguzi anayekwambia una "ugonjwa wa viungo" amefasiri sawasawa bila kujua.

Kinachochekesha ni kwamba kiungo chenyewe, ugonjwa ukipamba, ni cha moto. Celsus, mwandishi wa tiba wa Roma, miaka kama 2,000 iliyopita, alitaja dalili nne za sehemu ya mwili inayowaka hivyo: wekundu (ambao kwenye ngozi zetu huonekana kwa shida), uvimbe, joto na maumivu. Baridi haimo.

Nayasema haya kwa sababu ya mama yangu mdogo. Alivaa sweta Februari nzima, akajisugua dawa ya kuchua miaka miwili, akiikimbia baridi. Alipofika hospitali akaambiwa kinga ya mwili wake ndiyo inayoshambulia viungo. Dawa ipo na anaitumia, ila vidole vilikwisha kupinda.

Jambo jingine: jongo mmeliweka kapu moja na baridi yabisi. Jongo hutokana na asidi ya yuriki inayoganda kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na dawa zake ni nyingine. Naomba toleo lijalo mlitenge.

Msomaji wenu,
Tanga