Baraza la mbao litengenezwe kabla ya mvua, si kabla ya Krismasi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wenye nyumba wa Mbeya, Iringa na Njombe kuhusu mabaraza ya mbao. Yapo kwenye nyumba za kuishi, nyumba za wageni, hata migahawa midogo ya kando ya barabara kuu, na sababu haijifichi: mbao tunazo. Shamba la miti la Sao Hill liko Mufindi, la Kiwira liko Rungwe, na mbao za paina zinauzwa kila mji. Lakini mengi ya mabaraza hayo hupigwa rangi Desemba, wiki ile ya kusubiri watoto na wajukuu wanaorudi kula Krismasi, na hapo ndipo yanapoharibiwa. Desemba mvua imeshaanza na ubao umeshakunywa maji. Rangi inayopakwa juu yake inayafungia maji yale ndani, jua la mchana linayapasha moto, rangi inafanya malengelenge, na kufika Pasaka inabanduka kama magamba ya samaki. Mwenye nyumba analaumu rangi, kumbe kosa ni kalenda.

Maelekezo yanayozunguka kwenye simu yanazidisha mkanganyiko. Yametafsiriwa kutoka nchi za baridi na yanasema baraza liandaliwe kwa ajili ya vuli. Huko kwao vuli ni majira ya majani kupukutika, Septemba hadi Novemba, na nyuma yake inakuja theluji. Msomaji wa Tanga akisikia vuli anafikiria mvua za Oktoba hadi Desemba. Sisi wa nyanda za juu kusini hatuna vuli ya namna yoyote kati ya hizo mbili. Tuna mvua moja ndefu ya msimu, Novemba hadi Aprili, na upande wa Tukuyu huvuka hadi Mei; halafu baridi kavu ya Juni hadi Agosti; halafu upepo na vumbi. Kazi ambayo wenzetu wanaifanya kabla ya theluji, sisi inatupasa kuifanya Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba, wakati mbao zimekauka kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka. Utabiri wa mvua za msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukitangazwa, brashi iwe imeshaoshwa.

Kazi yenyewe haianzii juu, inaanzia chini. Ingia uvunguni na tochi. Kwanza toa kuni, mabati chakavu, na banda la kuku kama lipo, maana mbolea ya kuku na kuni mbichi hutoa unyevu usiku na mchana, na kuni ndizo daraja la mchwa. Tazama kila nguzo kuanzia ardhini: ukiona njia nyembamba ya udongo inayopanda, ikwangue uone kama wamo. Kitako cha nguzo kinatakiwa kiwe angalau sentimita 15 juu ya udongo, kimekaa juu ya zege lililoinuka katikati ili maji yateremke. Nguzo iliyochimbiwa ndani ya zege kama jino huonekana imara, lakini zege lile ni kikombe. Maji huingia pembeni mwa nguzo ubao unaposinyaa na hayana pa kutokea, na ndiyo maana nguzo nyingi hukatikia pale pale usawa wa ardhi huku juu zikiwa nzima kabisa.

Halafu chukua bisibisi bapa. Ichomeke kwenye ncha za boriti, kwenye maungio, na hasa kwenye boriti iliyofungwa ukutani mwa nyumba. Mbao nzima hugoma baada ya milimita 1 au 2. Bisibisi ikizama sentimita nzima kwa nguvu ya mkono tu, hapo pameoza. Kama una wasiwasi, inua kibanzi kwa ncha ya bisibisi: mbao nzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi na huachia kwa mlio, iliyooza hukatika vipande vifupi kama biskuti, kimya. Ukungu unaoozesha mbao hauwezi kukua kwenye ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20, kwa hiyo palipooza siku zote pana njia ya maji. Itafute njia hiyo kabla ya kununua ubao mpya, la sivyo utaozesha na huo mpya.

Boriti ya ukutani tunaiwekea mkazo kwa sababu ikiachia, baraza lote linakwenda na watu waliokaa juu yake. Isishikwe kwa misumari peke yake. Misumari hushika vizuri uzito unaokandamiza kwenda chini, lakini baraza likivutwa nje ya ukuta hung'oka taratibu bila kuonyesha dalili. Weka bolti za mabati za milimita 12 zenye washa pana, moja kila sentimita 50 hivi, zikipishana juu na chini. Juu ya boriti hiyo pawe na kipande cha bati kilichokunjwa, upande mmoja umeingia ndani ya plasta ya ukuta, mwingine umefunika boriti, ili maji yanayoteremka ukutani yasipite nyuma yake. Kwenye mabaraza mengi ya huku bati hilo halipo kabisa.

Boriti iliyooza sehemu isijazwe unga wa mbao na gundi wala silikoni. Hiyo ni kuficha. Kata palipooza, kisha funga boriti mpya ubavuni mwa ile ya zamani, ipite futi 3 kila upande wa jeraha, kwa bolti. Kwa mbao za sakafu za inchi 1, nafasi kati ya boriti na boriti isizidi sentimita 40. Ikizidi hapo ubao hubonyea mtu akipita, na kila ukibonyea unavuta misumari juu.

Hapo sasa panda juu. Oktoba mijakaranda inamwaga maua, na paina na mikaratusi hazina msimu wa kupumzika. Maua na majani yanayoshindiliwa kati ya ubao na ubao hugeuka udongo mweusi unaoshika maji kama sponji. Pitisha ncha ya kisu kizee au kipande cha bapa la chuma kwenye kila mwanya hadi uone mwanga wa chini. Mwanya wenyewe uwe kama milimita 5, yaani unene wa msumari wa inchi 4. Mbao zilizokauka kwa kiangazi cha miezi mitano zitavimba mvua ikianza, na zikikosa mwanya zitasukumana na kunyanyuka katikati.

Utelezi wa kijani uondolewe kwa maji, sabuni ya unga na brashi ngumu, ukifuata nyuzi za ubao. Palipo na ukungu mweusi tumia dawa ya klorini ya kufulia, kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, iache dakika 15 kisha suuza kwa maji mengi. Usiichanganye kabisa na dawa ya kusafishia choo wala yenye amonia, maana hutoa hewa ya sumu. Mashine ya kuoshea magari tunashauri iachwe. Paina ina tabaka laini na gumu zinazofuatana, na maji ya kasi huchimba ile laini na kuacha mifereji, kisha nyuzi zinasimama na kuchoma miguu ya watoto.

Misumari iliyochomoza usiigonge tena. Tundu lake limeshapanuka, na ukiigonga itakaa hadi mvua ya tatu. Ing'oe, weka skrubu ya mabati pembeni kidogo ya tundu la zamani: ubao wa inchi 1 unataka skrubu ya inchi 2½, wa inchi 2 unataka ya inchi 4 au karibu yake. Karibu na ncha ya ubao toboa kwanza kwa drili ya milimita 3, vinginevyo utapasuka. Kichwa cha skrubu kiwe sawa na uso wa ubao. Kikizama sana kinatengeneza kibakuli cha maji, na baada ya misimu miwili utaona duara jeusi la kuoza kukizunguka.

Ukibadilisha ubao, uliza umekatwa lini. Paina inayouzwa wiki ile ile iliyopasuliwa ni nzito kwa maji, na ubao mpana inchi 6 unaweza kusinyaa milimita 6 ukikauka, huku ukipinda na kujikunja pembeni. Mbao za inchi 1 zipangwe chini ya paa, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja kila sentimita 60, miezi miwili hadi mitatu ya kiangazi. Mkaratusi mbichi ni mbaya zaidi, hupasuka ncha ukiwa umeshapigiliwa. Rangi ya bluu inayoonekana kwenye paina haipunguzi nguvu ya ubao, lakini inakuambia ubao huo ulilundikwa ukiwa mbichi.

Baada ya kuosha subiri. Mbeya mjini, Iringa na Mafinga siku 3 za jua na upepo zinatosha. Tukuyu na maeneo ya ukungu hesabu siku 5 au zaidi. Kipimo ni rahisi: bandika kipande cha nailoni juu ya ubao kwa utepe wa gundi pande zote usiku kucha, asubuhi kikiwa na umande kwa ndani, bado. Kisha dondosha maji juu ya ubao. Yakinywewa ndani ya dakika moja ubao uko tayari. Yakibaki kama shanga, kuna vanishi au mafuta ya zamani yanayotakiwa kuondolewa kwa msasa namba 80.

Cha kupaka: kwenye sakafu ya baraza msipake vanishi. Jua la mwinuko huu ni kali, vanishi hukakamaa na kupasuka nyufa za unywele, maji huingia na kukaa chini yake. Pakeni dawa ya mbao inayozama, yenye rangi ndani yake, kwa sababu ile chembe ya rangi ndiyo inayozuia jua. Wanaotumia mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) wachukue yaliyochemshwa. Mabichi hukaa siku nyingi yakinata na kukusanya vumbi na ukungu. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini, acha dakika 20, kisha futa yote yaliyobaki juu. Mkono wa pili kesho yake. Anza saa 4 asubuhi umande ukishakauka, acha saa 9 alasiri. Ncha za mbao zipewe mara mbili au tatu zaidi, maana maji huingia kupitia ncha kwa kasi kubwa kuliko kupitia uso. Baraza la mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12. Paina isiyopigwa randa vizuri hula lita 1 kwa mita za mraba 5 au 6 kwa kila mkono, kwa hiyo debe la lita 5 linatosha mikono miwili pamoja na ngazi.

Matambara yaliyofuta linsidi yasikunjwe na kutupwa kwenye kona. Yakikauka yakiwa yamelundikana hujipasha moto yenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti. Yatandazwe nje moja moja au yaloweshwe kwenye ndoo ya maji.

Kuhusu oili chafu ya gari, tunasema wazi: si dawa ya mbao. Inafanya ubao uonekane mweusi na mpya, lakini haizami vya kutosha kuzuia kuoza, inateleza ikilowa, inachafua nguo na udongo, na baada yake hakuna rangi itakayoshika. Tumeona inauzwa kwa chupa kama dawa ya mchwa na inasikitisha.

Mbao za kijani zilizotiwa dawa kwa mtambo zinafaa sana kwa nguzo. Lakini kila unapozikata unafungua moyo usio na dawa, kwa hiyo paka dawa pale pale, na upande uliokatwa uelekee juu, si kwenye udongo. Vipande vinavyobaki msivichome jikoni wala kwenye moto wa kuota. Dawa nyingi za mbao hizo zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Wala msivitumie kutengenezea vihori vya mifugo.

Mwisho, gata. Paa lisilo na gata humwaga maji mstari mmoja juu ya baraza, na ubao ulio chini ya mstari huo hufa miaka mingi kabla ya wenzake. Safisha gata kabla ya Novemba, au iweke kama haipo. Mvua ya kwanza kubwa ikishapita, toka kesho yake saa 6 mchana uangalie sakafu. Mbao nyingi zitakuwa zimerudia rangi yake. Ule ubao ambao bado ni mweusi ndio unaoshika maji: ingia uvunguni tena na bisibisi, chini yake.

Mafundi seremala,
Mafinga, Iringa