Kabla ya kulaumu uroho, tusome forodha

Mhariri,

Mijadala kuhusu watawala waliogeuza nchi kuwa mali yao huishia kwenye tabia: huyu mroho, yule hakushiba. Wanahistoria wamechimba zaidi, na sisi wa Bagamoyo mfano tunao mlangoni.

Max Weber, Mjerumani ambaye kazi yake kubwa ilichapwa 1922 baada ya kifo chake, aliuona utawala wa aina hii kama nyumba ya bwana iliyopanuka. Mtunza ghala anakuwa mtunza hazina, mtunza farasi anakuwa jemadari. Wanakula kwa fadhila za bwana. Fadhila zikikoma, cheo kimekwisha. Ufaransa ilifika mbali: tangu 1604 mwenye cheo alilipa kila mwaka sehemu moja ya sitini ya thamani ya cheo hicho ili aweze kukirithisha.

Sasa tutazame forodha. Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, hakuwa na idara ya kodi. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara, na kwa miaka mingi ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji. Aliyekodi aliahidi kiasi maalumu kwa mwaka, akaweka mawakala wake bandarini, Bagamoyo ikiwamo, watoze ushuru wa pembe za ndovu zilizoshuka kutoka bara. Kilichozidi ahadi kilikuwa chake, na vitabu vya hesabu vilikuwa vyake. Sultani akiishiwa alikopa kwa huyohuyo, deni likakatwa kwenye kodi ya mbele. Hapo ndipo palipooza: mtawala hakujua nchi yake inaingiza kiasi gani, wala hakuweza kumwondoa kirahisi mtu anayemdai. Majid, mwana wa Said aliyemrithi Zanzibar, alipofariki 1870, Barghash aliyemfuata aligombana na nyumba hiyo juu ya deni aliloacha nduguye. Lilikuwa la marehemu au la nchi? Mfuko ulikuwa mmoja, jibu lingetoka wapi?

Hata nchi yenyewe iligawiwa kama mirathi. Said alifariki 1856, wanawe, mmoja akishika Zanzibar na mwingine Muscat, wakagombana, na 1861 Canning, aliyeitawala India kwa niaba ya Uingereza, akaamua Zanzibar iilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Hazina ya serikali ilikuja kutengwa na mfuko wa Sultani 1891, kwa mkono wa balozi wa Uingereza, Gerald Portal. Ufunguo ukabaki kwa Waingereza, si kwa wananchi.

Wanaosema hii ni desturi ya Kiafrika wanakosea kabisa. Leopold wa Ubelgiji aliimiliki Kongo yeye binafsi, 1885 hadi 1908. Uingereza yenyewe, katika kutenga mfuko wa mfalme na wa nchi, ilisubiri hadi 1760, George III alipoachia mapato ya ardhi za kifalme akapewa pauni 800,000 kwa mwaka. Naye Thandika Mkandawire, mchumi mwenye asili ya Malawi, alionya 2015 kwamba nadharia hii ya nchi kuwa mali ya mtawala ikibandikwa Afrika nzima haielezi kwa nini uchumi wa nchi moja ulikua na wa nyingine ukadorora.

Nawaomba walimu wa historia wa pwani wafundishe mikataba ya forodha kabla ya tabia za masultani. Nyaraka za Zanzibar zimehifadhiwa Kilimani, ng'ambo tu ya bahari.

Msomaji wenu,
Bagamoyo