Taarifa za mgonjwa nazo zivuke ziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo sisi wa Kigoma tunaliona kila siku. Watu wa ukanda huu wanavuka mipaka kutafuta matibabu, anatoka mtu Uvira au Kalemie kule Kongo anashuka na boti Kibirizi, mwingine anatoka Burundi anapitia Manyovu anakuja zake Kasulu, na wa kwetu pia wakiwa Bujumbura kwenye biashara wakiugua wanatibiwa hukohuko. Hilo halina shida, ni majirani na wengine ni ndugu kabisa. Shida ni kwamba alichoandikiwa na daktari wa upande ule kikifika huku kinakuwa kama hakipo, na cha kwetu kikienda kule ni hivyohivyo.

Mimi nina duka la dawa maeneo ya Kibirizi kwa hiyo makaratasi ya aina hiyo nayaona sana. Kuna mama mmoja alikuja na kidaftari cha kliniki cha ng'ambo, kimeandikwa presha 16/10 na chini yake sukari 180. Sasa mtu aliyezoea vipimo vya kwetu hiyo 16/10 haielewi, sisi tunaandika 160/100, na sukari 180 ndo kabisa, maana huku ukipimwa asubuhi hujala kitu ikafika 7 tayari unaambiwa una kisukari. Kumbe wenzetu waliosoma kwa mtindo wa Kifaransa wengi wanaandika presha kwa sentimita za zebaki badala ya milimita, na sukari wanaiandika kwa miligramu kwa desilita, inabidi ugawe kwa 18 upate milimoli tunazotumia sisi, kwa hiyo ile 180 ni 10. Hapo bado dawa, vidonge vyake viliandikwa kwa jina la kampuni ambalo huku sokoni halipo, jina halisi la dawa hakuna. Nikamwelekeza hospitali, kule wakaanza vipimo vyote moja, akalipia upya vitu ambavyo alishalipia wiki hiyohiyo upande wa pili, na dozi ya jioni ile hakumeza maana hakuna aliyekuwa na uhakika anatumia nini.

Yule alikuwa na kidaftari na alikuwa anaongea. Mwenye aleji ya penisilini akiletwa hajitambui tunafanyaje?

Najua kuna watu watasema dawa yake ni nchi zote zinunue mfumo mmoja wa kompyuta. Hapana jamani, hiyo hela haipo na hata ikiwepo haitakaa ikubalike. Hospitali zetu za serikali nyingi zimeshaingia kwenye GoTHOMIS, Burundi kuna hospitali zinatumia OpenClinic, kila mmoja kashafundisha watu wake na kashanunua vifaa vyake. Kinachotakiwa ni makubaliano ya namna taarifa inavyopangwa ikitoka kwenye mfumo wa huyu kwenda kwa yule. Si leo unatuma hela kutoka mtandao huu wa simu kwenda ule na inafika? Hakuna kampuni iliyolazimishwa kuvunja mitambo yake, walikubaliana tu ujumbe utakaaje.

Na hili sio la kubuni sisi. Ulaya walipitia hukohuko, nchi nyingi, lugha nyingi, mifumo isiyoongea. Januari 2019 mgonjwa wa Finland akaanza kuweza kuchukua dawa kwenye famasi za Estonia kwa cheti cha kielektroniki alichoandikiwa kwao. Mwezi uliofuata Kamisheni ya Ulaya ikatoa pendekezo la muundo mmoja wa kubadilishana taarifa za wagonjwa, wakataja vitu vitano, yaani muhtasari wa mgonjwa, cheti cha dawa, majibu ya maabara, picha kama eksirei na ripoti ya mtu akiruhusiwa kutoka wodini. Kutoka pendekezo mpaka sheria ikawachukua miaka sita, imeanza kazi Machi 2025, na bado wamejipa mpaka 2029 kwa muhtasari na cheti cha dawa, halafu 2031 kwa hivyo vingine. Hao ndo matajiri! Kwa hiyo sisi tukisema tunaanza na vyote tutabaki kwenye semina tu.

Tuanze na muhtasari. Upo tayari wa kimataifa, tangu 2021 una mpaka namba yake ya ISO, lile shirika la viwango la kimataifa, nayo ni 27269, na ukiutazama vitu vya lazima kabisa ni vitatu tu: magonjwa aliyonayo mtu, aleji zake na dawa anazotumia. Chanjo, upasuaji na majibu ya maabara vinaongezwa vikiwepo. Mahujaji wa Indonesia, Malaysia na Oman waliutumia kwenye Hija ya 2024, daktari wa Saudia anaona hali ya mzee aliyetoka Jakarta bila kubahatisha. Uzuri mwingine ni kwamba ugonjwa unaandikwa kwa alama maalumu za herufi na namba, ukiweka I10 ni presha na E11 ni kisukari cha aina ya pili, daktari wa Kalemie ataisoma kwa Kifaransa chake na wa hospitali yetu ya Maweni kwa Kiingereza, na kipimo kinabeba kizio chake hakuna kukisia kama 16 ni sentimita au nini. Dawa nayo iandikwe jina halisi, la kampuni likitaka liwepo pembeni.

Tena kwenye karatasi jambo hili tumelizoea zamani. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ina mpangilio mmoja dunia nzima, Kiingereza na Kifaransa vyote vimo, na kila mpaka wanaielewa. Sioni kwa nini ya chanjo iwezekane na ya mgonjwa wa presha ishindikane.

Sasa niseme la usiri, maana hapa ndo naogopa kuliko kote, na wataalamu wakija huwa wanalipitia haraka haraka. Mkoa wetu una wakimbizi, kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Mkimbizi ana sababu zake za kuondoka kwao na hatakiwi hata siku moja taarifa zake za kliniki zirudi kule bila yeye kutaka. Kuna watu wa CTC pia, yaani kliniki za dawa za VVU, mtu anavuka mpaka makusudi achukulie dawa mahali ambapo hafahamiki, ukimwekea kila kitu wazi kwenye mtandao atakachofanya ni kuacha dawa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na inaweka masharti kuhusu taarifa kupelekwa nje ya nchi, isomwe na ifuatwe. Mimi maoni yangu ni kwamba muhtasari ashike mgonjwa mwenyewe, kwenye simu au umechapwa kwenye karatasi wenye ule mchoro wa kuskani, aamue anamwonyesha nani, na awe na haki ya kusema kitu fulani kisiwekwe. Sitaki kabisa ghala moja kubwa la Afrika Mashariki ambalo afisa yeyote anaingia anachungulia. Hiyo karatasi inatusaidia hata umeme na mtandao vikikata, na vinakata, maana kama una programu ya kusoma mchoro huhitaji intaneti wakati huohuo, na hata usiposkani maneno yanasomeka.

Nani aanze? Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kifungu cha 118 kinaongelea ushirikiano kwenye afya. Kongo imeingia 2022, Burundi wamo tangu 2007, na Tume ya Utafiti wa Afya ya Jumuiya ofisi zake zipo hapo Bujumbura, ni ziwani hapohapo. Naomba Wizara ya Afya isisubiri nchi zote nane zikubaliane. Wachukue hospitali chache za mwambao, Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie, waanze na wagonjwa wa presha na kisukari ambao ndo wanarudi rudi kliniki, na kwenye hivyo vikao waite manesi na watu wa masjala na sisi wa maduka ya dawa, sio watu wa kompyuta peke yao, kwa sababu anayeandika 16/10 na anayeisoma ndo wanajua inakwama wapi. Na bajeti ya mafunzo iwekwe kabla ya bajeti ya vishikwambi, nasisitiza hilo, vifaa tumeshaona vikiletwa vinakaa kabatini kwa kukosa mtu wa kuingiza taarifa.

Wenu msomaji,
Muuza dawa, Kibirizi, Kigoma