Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Bustani za Jiji la Nashville: mchoreeni Cornelia Fort ndege yake kwenye lami ile

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Uwanja wa zamani wa ndege wa Cornelia Fort, kando ya mto Cumberland, uliharibiwa na mafuriko ya Mei 2010. Mwaka uliofuata jiji likauchukua, ukawa sehemu ya bustani ya Shelby Bottoms. Leo watu wanatembea na kuendesha baiskeli juu ya lami palepale ndege zilipokuwa zikipaa. Ombi letu linahusu lami hiyo, lakini kwanza tumzungumzie mwenye jina, rubani na mwalimu wa urubani.

Wengi wanamjua kama mwanamke aliyekuwa angani Japani iliposhambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii. Ni kweli, ila kinachosahaulika ni kwamba asubuhi ile alikuwa kazini, anafundisha. Ndege ilikuwa Interstate Cadet: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, kila kiti na usukani wake, na bawa limepita juu ya vichwa vyao. Mwanafunzi alikuwa anarudia kutua na kupaa, zoezi la mtu anayekaribia kuachiwa aruke peke yake.

Katika ndege ya namna hiyo bawa ndilo kikwazo cha macho. Ukikata kona, bawa la upande unaogeukia hushuka na kukuzibia sehemu ileile unayoiendea. Ndiyo maana mwalimu hutazama pande zote kabla ya kumruhusu mwanafunzi ageuke. Tarehe 7 Desemba 1941 Fort alitazama hivyo, akaona ndege ya kijeshi inawajia moja kwa moja. Akamnyang'anya mwanafunzi usukani, akasukuma injini hadi mwisho, akaivuta ndege juu. Ile nyingine ikapita chini yao, karibu kiasi kwamba vioo vilitetemeka, na kwenye mabawa yake akaona duara jekundu la Japani. Walitua chini ya risasi, wote wawili wakiwa hai. Wameokolewa na tabia ya mwalimu, Mheshimiwa, tabia anayoifanya mara mia kwa wiki bila kuona chochote.

Alizaliwa hapo Nashville Februari 1919. Jeshi la anga la Marekani lilipounda kikosi cha WAFS Septemba 1942, wanawake wa kupeleka ndege mpya kutoka viwandani hadi vituoni, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiunga. Masharti yalidai saa 500 za kuruka. Hata hivyo walihesabiwa raia, si wanajeshi: wanaume raia wa kazi hiyohiyo walilipwa dola 380 kwa mwezi, wao 250.

Tarehe 21 Machi 1943 alikuwa anatoa ndege ya mafunzo aina ya BT-13 Long Beach, California, kuipeleka Dallas, pamoja na marubani wengine. Kusini mwa Merkel, Texas, gurudumu la ndege ya mwenzake likagonga bawa lake la kushoto.

Hapa umbo la BT-13 linaeleza mengi. Mabawa yake yako chini ya rubani, na magurudumu hayakunjwi, yananing'inia muda wote wa safari. Rubani aliye juu anaona anga, pua ya ndege yake na bawa lake. Aliye chini ya bawa hilo hamuoni kabisa, na magurudumu yake mwenyewe hayaoni pia. Kuruka karibukaribu ni kazi yenye mafunzo yake: unamshika kiongozi kwa macho bila kumwacha, na ukimpoteza unajitenga mara moja. Kutazama vizuri kwa Fort hakungemsaidia, kwani kilichofichika kilikuwa machoni pa mwingine.

Bawa likivunjika ncha, upande ule hupoteza nguvu ya kuinua, na ndege hujiviringisha kuelekea huko. Kujirusha kwa mwavuli kunataka ufungue mikanda, usukume kioo cha juu nyuma, upande nje dhidi ya upepo. Ndani ya ndege inayoviringika huku ikianguka, kila hatua kati ya hizo ni mlima. Fort hakutoka. Alikuwa na miaka 24 na zaidi ya saa 1,000 angani.

Kwa kuwa alikuwa raia, hakustahili heshima za mazishi ya kijeshi. Wanawake 38 walikufa katika kazi hiyo hadi kikosi chao, kilichokuja kuitwa WASP, kilipovunjwa Desemba 1944. Kutambuliwa kama wanajeshi wa zamani kulisubiri sheria ya 1977.

Sasa ombi. Chora kwenye lami BT-13 mbili kwa vipimo halisi: mabawa mita 12.8 toka ncha hadi ncha, urefu mita 8.8. Ya pili iwe kwa rangi nyingine, ipandane na ya kwanza ili alama ya gurudumu lake iangukie kwenye ncha ya bawa la kushoto. Weka alama ya kiti cha rubani wa juu, na utie kivuli sehemu yote ambayo bawa lake linamficha. Mtoto akisimama kwenye kiti hicho ataona mwenyewe kwa nini yule wa chini hakuonekana. Pembeni, mchoro wa Cadet na maneno machache: alikuwa mwalimu, na asubuhi ile alitazama kabla ya kugeuka.

Vipimo vya magurudumu vitapatikana kwenye BT-13 zilizohifadhiwa makumbusho. Zilitengenezwa kwa maelfu. Tunaomba rangi iwe imekauka kabla ya tarehe 21 Machi ijayo.

Wako katika kazi,
Walimu na wanafunzi wa urubani wanaozungumza Kiswahili