Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kiangazi, Nyasi Kavu na Moto wa Milimani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutembea kwa miguu milimani na misituni,

Taarifa hii ni ya mwaka 2024, na ninaiandika katikati ya Januari 2025. Kaskazi inavuma na joto la Dar es Salaam halimpi mtu usingizi. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na orodha ya safari tulizofanya anayo Katibu. Kwa ruhusa yenu, mimi nitakaa zaidi kwenye jambo moja, kwa sababu mwaka huo lilitugusa wenyewe: moto.

Mwaka ulianza kwa maji. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikuwa hazijasahaulika, Masika nayo ikaja kwa nguvu. Mwezi Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha kutokana na mafuriko na athari zake, na tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Sisi tuliahirisha safari, njia za miguu zilikuwa zimegeuka mito. Nilipopendekeza kwenye kikao cha Juni tuweke kanuni za moto, mwanachama mmoja aliniuliza, kwa haki kabisa: Mwenyekiti, kwa maji yote haya, moto utoke wapi?

Unatoka kwenye maji hayohayo. Tambarare moto hula nyasi, na nyasi ni mtoto wa mvua. Masika ikiwa kubwa, nyasi za Morogoro na Mikumi hurefuka hadi kumfunika mtu, na kufika Agosti zimekauka zikiwa wima. Ndiyo maana wahifadhi huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo, ili moto kichaa wa Septemba na Oktoba usikute cha kula. Mlimani mambo ni tofauti. Kule juu vichaka na miti ipo miaka yote, iwe mvua kubwa au ndogo. Kinachouzuia moto ni ukungu na unyevu, na mawingu yakikosekana kwa wiki chache, kila kitu kiko tayari kuwaka. Kwa hiyo mvua nyingi zinanitia hofu kwa ajili ya tambarare, na ukame unanitia hofu kwa ajili ya milima. Mwaka 2024 ulituletea vyote viwili: Masika nzito, kisha Vuli ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatutahadharisha kwamba katika maeneo mengi ingekuwa ya wastani hadi chini ya wastani.

Wengi wenu mmeona kwenye simu picha za Los Angeles, unakowaka moto tangu tarehe 7 mwezi huu. Kule Januari ni majira ya baridi. Lakini miaka miwili mfululizo walipata mvua nyingi, vichaka vikastawi, kisha tangu katikati ya 2024 hawakupata mvua ya maana, na upepo mkavu wa jangwani ukaja juu yake. Moto haukungoja joto, ulingoja ukavu na upepo. Naomba hili lituingie, maana bado nawasikia watu wetu wakisema msimu wa hatari ni huu wa joto la Januari, basi. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua kwa takriban kilomita za mraba 95. Oktoba 2022 ikaungua tena, moto ukianzia karibu na kambi ya Karanga, zaidi ya kimo cha mita 3,900, mahali ambapo usiku maji ya chupa huganda.

Anayepanda Kilimanjaro akapita ukanda wa miti ya erika, ile yenye majani madogo membamba inayoota juu ya msitu, aitazame vizuri. Matawi yake yananing'inia ndevu za kijivu, na asubuhi ya ukungu ndevu hizo hudondosha maji tone kwa tone mpaka njia inalowa bila mvua kunyesha. Miti ile inakamua mawingu. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba tangu 1976 moto umekula zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu wa juu, na kwamba hasara ya maji ya ukungu yanayopotea hivyo ni kubwa kuliko ile ya barafu ya kileleni inayoyeyuka. Sisi wa Dar es Salaam tusiseme hayo ni ya Wachaga. Mto Ruvu, tunaokunywa maji yake, unaanzia Uluguru, na ndoo zilizopangwa foleni mitaani Oktoba 2022 kila mmoja wetu anazikumbuka.

Sasa la kwetu. Septemba tulitembea kwenye msitu mmoja nje kidogo ya jiji. Tulichemsha chai kwenye mafiga matatu, tukamwagia maji, tukafukia kwa udongo, na ni mimi niliyesema, umezimika, twendeni. Saa mbili baadaye mzee mmoja alikumbuka kofia yake, tukarudi. Hatua tatu kutoka kwenye mafiga, moshi mwembamba ulikuwa unatoka ardhini, mahali ambapo hatukuwasha chochote. Kaa lilikuwa limeshika mzizi mkavu chini ya udongo, likatambaa nao hadi kwenye nyasi. Eneo lililokuwa jeusi lilikuwa kama mkeka mmoja. Tulilipiga kwa matawi mabichi, tukachimbua mzizi wote kwa panga, tukamaliza maji ya kunywa. Bila ile kofia sijui leo ningekuwa naandika nini. Kosa lile ni langu, na ninawaomba radhi wanachama.

Kwa hiyo kuanzia mwaka huu, chama hakiwashi moto wa kuni katika safari yoyote, mwezi wowote. Tutatumia jiko la gesi, kwenye ardhi iliyofyekwa. Tukimkuta mtu mwingine ameacha majivu, tunamwaga maji, tunakoroga, tunamwaga tena, kisha tunagusa kwa mgongo wa mkono. Kufukia peke yake hakutoshi, tumeona. Wavutaji sigara wanajijua, nitaongea nao pembeni.

Kuhusu miezi inayokuja. Wataalamu wa Marekani wametangaza mwezi huu kwamba La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kunakobadili mvua, imeingia, nayo ni dhaifu. La Niña huidhoofisha zaidi Vuli. Uhusiano wake na Masika si wa kutegemewa, kwa hiyo tusiihukumu Masika kabla ya Mamlaka kutoa mwelekeo wake. Mpaka mvua zianze, Januari na Februari hatari iko kaskazini: Kilimanjaro, Meru, Upare, na vichaka vya pwani yetu. Mikumi, Udzungwa na nyanda za kusini ziko kwenye msimu wao wa mvua sasa, ni kijani kibichi. Zamu yao inaanza Juni na kuwa mbaya kuanzia Agosti, wakulima wanaposafisha mashamba, warina asali wanapoingia porini na mienge, na kusi inapokausha kila kitu.

Kamati imeihamisha safari ya Kilimanjaro kutoka Oktoba hadi mwisho wa Juni. Najua wengine mlikwisha kuomba likizo, na malalamiko nimeyapokea. Lakini mwisho wa Juni mlima bado una maji ya Masika, na kosa la mtu mmoja lina nafasi ya kusahihishwa. Baridi ni kali zaidi, leteni masweta.

Tukikutana na moto: mlimani hatupandi juu, kwa sababu moto hukimbia kwenye mteremko kwa kasi kuliko mtu. Tunashuka kwa pembeni, au tunaingia mahali palipokwishaungua na kupoa. Namba ya Zimamoto ni 114, na mtandao ukikosekana wanatumwa watu wawili, si mmoja. Tambarare tunautazama kwanza upepo, kisha tunakwenda ubavuni mwa moto, kamwe si mbele yake.

Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa moja asubuhi, tutakuwa na mazoezi ya kupiga moto Pugu, tukishirikiana na walinzi wa msitu. Kila mmoja aje na panga, viatu vya kufunika mguu na lita tatu za maji ambazo si za kunywa.