Zhang Yimou mmemtaja, Wu Tianming je?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumapili kuhusu Zhang Yimou, mwongozaji wa filamu wa China, imenishinda kunyamazia. Mnasema alitoka kiwanda cha nguo akafika Berlin kuchukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la huko, mwaka 1988, na kwamba hakushikwa mkono na mtu. Kiwanda ni kweli na tuzo ni kweli. Hilo la tatu si kweli hata kidogo.

Aliyemshika mkono ni Wu Tianming. Aliingia studio ya filamu ya Xi'an mwaka 1960 kama mwigizaji, na mwaka 1983 akakabidhiwa studio nzima aiongoze. Xi'an iko mbali na Beijing, mbali na Shanghai, lakini vijana wenye mambo mapya walipata pa kufanyia kazi huko: Tian Zhuangzhuang, Huang Jianxin, Chen Kaige. Zhang alikuwa mpiga picha wa studio ya Guangxi. Wu akamwazima aje ashike kamera ya filamu yake, Old Well, inayohusu kijiji cha milima ya Taihang ambako watu wamechimba visima vizazi na vizazi na maji hayatoki. Kisha akamwona uso, akampa na nafasi ya mhusika mkuu. Mwaka 1987 filamu hiyo ilichukua tuzo kuu Tokyo, na Zhang, ambaye hakusomea uigizaji, akatangazwa mwigizaji bora. Makubaliano yao yalikuwa kwamba baada ya hapo Wu amwachie aongoze filamu yake mwenyewe. Filamu hiyo ndiyo Red Sorghum, iliyompa yule Dubu wa Dhahabu. Ilihitaji shamba la mtama, na mtama haungoji kibali cha ofisini. Msimu ukipita umepita. Wu alimtafutia pesa za kupanda kabla ruhusa haijatoka. Yale mabua marefu yanayoyumba kwa upepo, ambayo mwandishi wenu ameyasifu aya nzima, yaliota kwa sababu kuna mkubwa wa kazi aliyekubali kuhatarisha cheo chake. Jina lake halimo kwenye makala. Nimeisoma mara mbili nikilitafuta.

Wala si ninyi peke yenu. Ukumbi mmoja wa hapa mjini ulionyesha The King of Masks, filamu ya Wu mwenyewe. Ni habari ya mzee wa Sichuan anayebadilisha vinyago usoni kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na sanaa hiyo hurithishwa mtoto wa kiume tu. Hana mtoto, hivyo ananunua mmoja sokoni, na baadaye anagundua amenunua binti. Watu walilia mle ukumbini, wanaume wazima. Taa zilipowashwa, mshereheshaji akashika kipaza sauti na kumshukuru Zhang Yimou kwa filamu nzuri. Nilisimama. Nikasema kwa adabu kwamba aliyeongoza ni Wu Tianming, na kwamba aliitengeneza baada ya kurudi kutoka Marekani, alikobaki tangu mwaka 1989 kwa sababu ya waandamanaji waliouawa na jeshi Tiananmen, Beijing, mpaka 1994, akiishi kwa kukodisha kanda za video, yeye aliyewahi kuongoza studio nzima. Kijana akanijibu mbele ya watu: "Mzee wangu, wote hao ni Wachina tu." Watu wakacheka. Nilikaa chini nikitetemeka, kwa sababu hakuna mtu mle ndani ambaye angekubali mashairi ya Shaaban Robert yasomwe kwa jina la mtu mwingine kisha aambiwe wote hao ni Waswahili tu.

Na tukiwa hapo hapo, televisheni zetu nazo. Tamthilia za nje zinaingizwa sauti za Kiswahili, jambo jema, lakini ikifika mwisho majina yanakatwa katikati ili tangazo la sabuni liwahi. Hatumjui aliyeongoza, hatumjui hata kijana wetu aliyekesha studio akimpa mhusika sauti. Filamu zetu wenyewe zinafanyiwa hivyo hivyo.

Wu alifariki Machi 2014. Filamu yake ya mwisho, Song of the Phoenix, inamhusu mpigaji wa suona, ndugu wa zumari letu la pwani, anayetafuta wa kumwachia ufundi wake. Iliingia kumbi za China Mei 2016, mwenyewe hayupo, na kumbi zikaipa nafasi chache mno hadi mtayarishaji Fang Li akapiga magoti mtandaoni kuziomba ziiongezee. Baada ya hapo watu wakajaa.

Ninachoomba ni hiki. Jumapili ijayo, ukurasa ule ule, maandishi ya ukubwa ule ule, mchapishe habari za Wu Tianming na picha yake. Na kuanzia hapo, kila mkiandika habari za filamu yoyote, ya China au ya Bongo, wekeni chini yake majina manne: aliyeandika, aliyeongoza, aliyeshika kamera na aliyetafuta pesa. Nafasi ipo, punguzeni utabiri wa nyota.

Msomaji wenu,
Tanga