Malalamiko yetu kuhusu uchunguzi wa mabomu chini ya maji

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni inayojenga gati ufukoni kwetu, Goma

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu. Mimi ni mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na wenzangu wa ufuko huu wamenituma niandike kwa niaba yao. Tunaomba mashine ya kupigilia nguzo isimame mpaka chini ya maji patafutwe upya.

Jumanne ya wiki jana mafundi wenu walikuja na mashua moja, wakiburuta magnetometa, kifaa cha sumaku cha kutafuta chuma. Ilipolia karibu na kigingi cha tatu, hawakuleta mzamiaji. Waliita vijana wawili waliokuwa wakiosha pikipiki, wakawapa pesa kidogo, wakawaambia wazame wapapase. Mmoja ni mpwa wangu, ana miaka 19. Alizama bila mtungi wa hewa, bila hata kamba kiunoni. Alipotoka alisema ameshika kitu kirefu kama mkono toka kiwiko hadi vidole, kinene katikati, na mwishoni kina mapezi ya chuma. Viganja vyake vilikuwa vimejaa kutu. Fundi wenu akamjibu kwamba ni bomba la maji. Bomba la maji halina mapezi. Kombora la mortari ndilo lenye mapezi, na watoto wa Goma wanalijua kwa sababu ya vita walivyokulia.

Alhamisi mkabandika karatasi ya ukurasa mmoja: "Eneo ni salama." Haisemi mashua ilipita mistari mingapi, wala mlitafuta mpaka kina gani. Kile kilicholia kwenye kigingi cha tatu hakimo kabisa.

Labda mnadhani tunaogopa bure. Mji huu umepitiwa na majeshi 1994, 1996, 1998, 2012, na tena Januari 2025. Mwaka huo wa mwisho mimi mwenyewe niliona askari waliokuwa wakikimbia wakivua sare kwenye mawe, wengine wakitupa mizigo majini kabla ya kupanda mashua. Hatukuhesabu kilichozama. Hata nyinyi hamkukihesabu.

Halafu kuna jambo ambalo fundi yeyote angetuuliza kabla ya kuanza. Ufuko wetu ni lava ya Nyiragongo. 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Mawe hayo yana chuma ndani yake. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ipitishe kwenye mchanga mweusi hapa ufukoni, itatoka na ndevu za chembe za chuma. Ndiyo maana kifaa cha sumaku peke yake hakitoshi hapa: jiwe linaweza kulia kama bomu, na bomu likajificha katika kelele ya mawe. Ilibidi mlete pia sona, kifaa kinachotumia sauti kuchora sakafu ya ziwa, na kila alama ikaguliwe na mzamiaji aliyesomea mabomu. Naye lazima afuate hesabu za kuzamia za nyanda za juu, maana Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kazi hii ina kanuni zake: viwango vya kimataifa vya uteguaji mabomu vina sehemu nzima ya kazi ya chini ya maji, namba 09.60. Na hapa nchini kuna CCLAM, kituo cha taifa cha kupambana na mabomu. Karatasi yenu haikitaji kituo hicho hata mara moja.

Tangu Ijumaa nyundo inapiga. Mama zetu na watoto wanasimama ndani ya maji mpaka magotini kuchota kwa mabidoni, hatua chache tu kutoka hapo. Mlipuko wa majini haufi karibu kama ule wa hewani. Mshindo unasafiri mbali na kupasua mapafu na matumbo ya aliye ndani ya maji. Pesa za siku tulizozuiwa kuvua tutazizungumzia siku nyingine.

Tunataka nyundo inyamaze leo. Tunataka maboya yazunguke kigingi cha tatu, na watu waambiwe kwa Kiswahili, kwa megafoni, wachote maji upande mwingine. Mkishatafuta upya, mtuonyeshe ramani yenye kila alama na jibu lake. Na vijana wale wawili wapelekwe kwa daktari kwa gharama yenu, wala asitumwe tena kijana yeyote kupapasa.

Mpwa wangu amekubali kuwaonyesha mahali penyewe akiwa ndani ya mtumbwi. Majini haingii tena. Tunarudi ufukoni kila asubuhi saa kumi na mbili. Mtukute hapo kabla ya Jumatatu.

Mvuvi, kwa niaba ya wavuvi na wachota maji wa ufuko